Watoto wa likizo, Ghuba ya Chwaka na saa za maji

Ndugu Mhariri,

Likizo zikiingia, Unguja hujaa watoto wageni. Wapo wanaovuka kutoka Dar es Salaam na Tanga, wapo wanaoletwa na wazee wao kutoka Maskati na London waje kumwona bibi. Siku mbili tatu za mwanzo huenda kwa kuzungushwa kwa mashangazi na kupelekwa Forodhani jioni. Baada ya hapo watoto wanataka bahari, na wana haki nayo.

Safari inayowafaa kuliko nyingi ni ile ya kuvuka Ghuba ya Chwaka kwa mashua huku baskeli zimelazwa ndani ya chombo, kuteremka Michamvi Kae, kupiga pedali mpaka Pingwe na kurudi, kisha kuingia hori la Mapopwe ndani ya mikoko. Unguja hatuna mto wa kupitisha chombo, hori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, ndizo mito yetu. Kutoka Chwaka mpaka Kae ni kiasi cha kilomita 6 za maji, na mashua ya mashine huvuka kwa nusu saa au dakika 40. Kuzunguka kwa gari kupitia Jozani, Paje na Bwejuu ni zaidi ya saa nzima, tena watoto wanatapika.

Tunaandika kuomba jambo moja: gazeti lako lichapishe kila Ijumaa saa za maji kujaa na kupwa kwa wiki inayofuata. Zaidi ya dawa za kutapika, zaidi ya kamera na miwani ya jua, saa hizo ndizo zinazoamua kama siku ya watoto itakuwa ya furaha au ya kukaa juu ya tope wakilia kiu. Familia zinachagua siku kwa kuangalia Jumapili. Ghuba ya Chwaka haijui Jumapili.

Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika bahari yetu hukaribia mita 4. Ghuba ya Chwaka ni pana lakini haina kina, kwa hiyo bamvua likipwa sehemu kubwa hubaki mchanga, majani na vidimbwi. Chombo kilichochelewa hupwelewa. Hakuna kusukuma wala kuomba: mnangoja maji yarudi, na kungoja huko huwa saa nne au tano katika jua lisilo na kivuli. Siku za maji mafu, yaani za maji madogo, tofauti ni kiasi cha mita 1 tu. Maji hayajai sana, lakini hayakimbii pia, na mkondo ni mpole.

Kuna hesabu ya mabaharia ambayo kila mzazi anaweza kuishika. Maji huchukua kiasi cha saa sita kupwa, na mshuko wote hugawiwa mafungu 12. Saa ya kwanza hushuka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake, saa ya tatu na ya nne peke yake huondoka nusu ya maji yote. Kwenye bamvua la mita 4, hizo ni mita 2 kwa saa mbili. Ndiyo maana familia iliyokaa Michamvi ikisema "bado maji yapo, tuongeze nusu saa" huipata ghuba nyingine kabisa ikirudi. Nusu saa ya mwanzo wa kupwa si sawa na nusu saa ya katikati.

Sasa siku. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11 za jioni na alfajiri, na hupwa kati ya saa 4 na saa 5 za asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi, mara nyingine hata saa moja. Ukihesabu hivyo, tarehe 8 mpaka 10 za mwezi mwandamo, na tena tarehe 23 mpaka 25, maji hujaa kati ya saa 5 na saa 7 mchana. Siku hizo hizo ndizo za maji mafu. Kwa safari ya watoto hakuna bahati nzuri kuliko hiyo: unavuka asubuhi maji yakija, mchana yamejaa, na hata ukichelewa kidogo hayakuachi. Kila kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani ina hesabu hii, ila mwandamo unaweza kutofautiana kwa siku moja. Ndiyo maana tunataka saa zenyewe zichapishwe, mtu asiishi kwa kukisia.

Tukichukua siku ambayo maji yanajaa saa 6 kasorobo mchana, mpango wetu ni huu. Mashua iondoke Chwaka saa 2 asubuhi. Saa 3 kasoro mko Kae. Baskeli ziteremshwe, zikaguliwe tena, na mwendo uanze kabla jua halijawa kali. Kae mpaka Pingwe ni kilomita mbili au tatu, na kwa mwendo wa mtoto wa miaka minane pamoja na kusimama kutazama kila kuku ni dakika 40 kwenda. Saa 4 na nusu muwe mmerudi pwani. Saa 5 kasorobo muelekee Mapopwe maji yakiwa bado yanaingia, mkae humo nusu saa, mtoke kabla hayajageuka. Saa 7 mko Chwaka mnakula chini ya mti. Wapo watakaosema siku hiyo ni fupi. Kwa wenye watoto wakubwa, kaeni Michamvi mpaka saa 9. Mwenye mtoto chini ya miaka saba asizidishe adhuhuri. Mtoto aliyechoka ndani ya mashua hasemi amechoka, anasimama tu na kuanza kuchezea ubavu wa chombo.

Mpango huu usipindwe upande wa Mapopwe. Hori huingiwa maji yakijaa, kwa sababu mkikwama kwenye tope maji yanayokuja yatawanyanyua. Mkikwama maji yakipwa, yatawaacha hapo. Ndani kabisa ya hori panataka bamvua, kwa hiyo siku za maji mafu hamtafika mwisho, na si hasara. Mita mia chache za mwanzo zina kila kitu ambacho mtoto anataka kuona.

Ijumaa msipange kuvuka karibu na adhuhuri. Nahodha ataswali, na ni haki yake. Upepo nao una majira yake. Wakati wa kusi, hasa Juni mpaka Septemba, rasi ya Michamvi huzuia mawimbi ya bahari kuu, japo upepo wenyewe unafika na maji hurukia waliokaa upande wa joshi, yaani upepo unakotoka. Wakati wa kaskazi, yaani likizo ya Disemba, upepo huingia moja kwa moja kwa mlango wa ghuba na mawimbi mafupi huinuka mchana. Hiyo ni sababu nyingine ya kuondoka asubuhi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usomwe usiku wa kuamkia safari na tena asubuhi. Ukitaja upepo mkali, watoto wapelekwe Jozani wakawaone kima punju. Bahari itakuwepo wiki ijayo.

Chombo. Ngalawa ni nzuri kwa uvuvi na kwa vijana wawili watatu, lakini mwili wake ni mwembamba, na baskeli hazina pa kukaa ila juu ya mirengu (miti ya pembeni inayozuia ngalawa isipinduke), ambako zinahamisha uzito na kunasa kamba za tanga. Takeni mashua pana ya mashine, iliyosajiliwa na kukaguliwa. Kabla hamjapanda, mtazameni nahodha anavyo hivi: nanga yenye kamba, makasia mawili au pondo refu la kusukumia chombo, ndoo ya kutolea ngama (maji yanayoingia ndani ya chombo), plagi ya akiba, pini ya akiba ya rafadha (pangaboi la mashine) kama mashine yake ni ya pini, na simu yenye chaji ndani ya mfuko usioingia maji. Asiye na pondo katika ghuba isiyo na kina hajajitayarisha. Watu wote na mizigo yote wakiwa ndani, ubavu wa chombo ubakie juu ya maji angalau shibiri mbili pale palipo chini zaidi. Ukibaki shibiri moja, mtu mzima mmoja na baskeli moja washuke. Watu wasione haya kuteremshwa.

Sasa tufike kwenye jaketi za kujiokolea, kwani hapa ndipo tunapoona makosa kila likizo. Visiwa hivi vimezika watu wengi mno, kwa kuzama kwa MV Spice Islander I mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012, kiasi kwamba hakuna asiyejua jaketi ni nini. Lakini kwenye vyombo vidogo jaketi nyingi zinazopatikana ni za watu wazima, na mtoto huvishwa hilo hilo, mzazi akaridhika kwa sababu ameona rangi ya chungwa. Jaketi kubwa kwa mtoto ni hatari iliyojificha. Akianguka majini, jaketi hupanda juu na mwili huteremka chini, uso ukafunikwa au mtoto akachomoka kwa chini.

Namna ya kupima ni hii. Mvishe mtoto, funga vishikizo vyote na kaza mikanda. Kisha shika jaketi kwenye mabega yote mawili, mnyanyue taratibu mpaka visigino viachane na ardhi. Jaketi likibaki mahali pake, linafaa. Likipanda mpaka masikioni, au kidevu kikazama ndani ya tundu la shingo, vua. Jaketi la mtoto mdogo liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, maana huo ndio unaolizuia kupanda, na liwe na kola nyuma ya kichwa. Soma kilo zilizoandikwa ndani. Umri si kipimo. Halafu libonyeze sponji kwa vidole. Jaketi zilizofanywa mito ya kukalia miaka mitatu, sponji yake imelala na haielei kama zamani. Iliyopauka na kupasuka mshono nayo haina kazi.

Jaketi livaliwe nchi kavu, kabla ya kupanda, na livuliwe nchi kavu. Watoto wengi huanguka wakati wa kupanda na kushuka, chombo kikiyumba na kila mtu akihangaikia mizigo. Kwa hiyo tunawaomba wenye mashua na wenye nyumba za wageni wa pwani yote ya mashariki wanunue walau jaketi nne za watoto kwa kila chombo, mbili za wadogo na mbili za wakubwa kidogo. Mwenye jaketi za watoto azitundike mahali panapoonekana dikoni, pale vyombo vinapofungwa. Wazazi watamchagua yeye.

Kuhusu mashine, jambo moja la Chwaka. Ghuba hii ina majani mengi ya baharini, na majani yaliyong'oka huelea juu, hasa baada ya upepo. Mashine huvuta maji ya kujipoza kwa tundu dogo karibu na rafadha. Majani yakiziba, kile kijito cha maji kinachoruka nyuma ya mashine hukatika, na dakika chache baadaye mashine inaungua. Mpe mtoto mkubwa kazi ya kutazama kijito hicho safari nzima na kupiga kelele kikikatika. Nahodha atazima, atainua mashine, atang'oa majani kwa mkono, mtaendelea. Ni kazi ya kweli, na mtoto aliyepewa kazi ya kweli hakai akisumbua. Mahali pengine pa kuangaliwa ni mashamba ya mwani. Vigingi na kamba za kinamama huwa chini ya maji kidogo tu wakati wa kujaa, na rafadha ikikata kamba moja mwani unakwenda na maji. Nahodha mwenyeji anayajua mashamba yalipo, ndiyo sababu moja zaidi ya kumchukua mwenyeji.

Kupakia baskeli kuna adabu yake. Baskeli ibebwe begani kutoka pwani mpaka chomboni, isiburuzwe majini hata hatua tano. Maji ya chumvi yakiingia kwenye gololi za gurudumu, hutayasikia siku hiyo. Utayasikia baada ya wiki mbili gurudumu likianza kulia. Zilazwe, upande wa cheni ukitazama juu, kitambaa au gunia likiwekwa kati ya moja na nyingine. Kama ni nyingi, ng'oeni pedali za upande wa chini kwa spana namba 15. Hapa wengi huharibu: pedali ya kulia hulegezwa kinyume cha mwendo wa akrabu za saa, lakini ya kushoto hesi zake ni za kinyume, hulegezwa kwa kufuata akrabu. Anayelazimisha ya kushoto kama ya kulia anaikaza mpaka anaharibu mkono wa pedali. Baskeli zifungwe kwa kamba kuelekea omo, yaani mbele ya chombo, na watoto wakae katikati, chini, migongo yao ikielekea ubavuni. Watu wazima wawili, mmoja kila upande. Mashua ya mita saba au nane ichukue baskeli nne, tano zikiwa ndogo. Zikizidi, zilizobaki zikodishwe upande wa Michamvi.

Baskeli ya mtoto hupimwa kwa mwili wake, wala si kwa umri wala kwa kuionea huruma ile ya kaka yake. Asimame ameipanda kwa miguu miwili, nyayo zote chini, na bado pabaki nafasi ya vidole vitatu juu ya bomba la fremu. Kiti kiwe chini kiasi cha ncha za vidole vya miguu yote miwili kugusa ardhi akikaa. Anayejua kuendesha vizuri anaweza kuinuliwa kiti mpaka goti lipinde kidogo tu pedali ikiwa chini kabisa. Kwa kukadiria, magurudumu ya saizi 20 huwafaa wa miaka sita mpaka tisa, saizi 24 wa tisa mpaka kumi na mbili.

Breki ndiyo tunayoililia. Hewa ya pwani hula waya ndani ya ala yake. Kwa nje waya unaonekana mzima, ndani umeshika kutu na haurudi. Kamata breki ya mbele, sukuma baskeli mbele: gurudumu la nyuma linyanyuke kidogo. Kamata ya nyuma, sukuma: gurudumu liburuzike lisizunguke. Achia: breki irudi yenyewe. Isiporudi, tia matone ya mafuta mwanzo wa ala, kamata na kuachia mara ishirini, na ikikataa badilisha waya. Kisha mpe mtoto mwenyewe akamate. Vidole vyake visipoifikia fimbo ya breki, nyingi zina skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na mkono. Baskeli ambayo mzazi anaweza kuifunga breki na mtoto hawezi, kwa mtoto huyo haina breki.

Mtoto mdogo asipakiwe juu ya keria miguu ikining'inia. Mguu ukiingia kwenye spoku gurudumu linazunguka, kisigino huchunwa nyama na mara nyingine mfupa huvunjika, na kidonda hicho huchukua wiki nyingi kupona kwa sababu ngozi ya nyuma ya kisigino ni nyembamba na damu yake ni kidogo. Kumfunga kwa kanga kiunoni mwa mwendeshaji hakusaidii, kwani miguu bado iko huru. Kinachotakiwa ni kiti cha mtoto chenye mkanda na vikingio vya miguu, au keria iliyofungwa ubao mwembamba kila upande na vyuma vya kukanyagia. Fundi yeyote wa vyuma anaitengeneza kwa nusu siku. Gauni na baibui nazo zifungwe pembeni kwa pini au mpira, na cheni iwe na kifuniko.

Matairi yajazwe mpaka kidole gumba kikibonyeza kwa nguvu kiingie kidogo sana. Kwenye njia za mchanga mpunguze upepo kidogo, tairi lipanuke, na muujaze tena mkirudi kwenye lami. Msiegeshe juani baskeli iliyojazwa sana: hewa hupanuka kwa joto na tyubu kongwe hupasuka penye kiraka cha zamani. Mkipata pancha, kazi ni ya robo saa. Toeni tyubu, jazeni, izungusheni karibu na shavu au ndani ya maji mpaka tundu lionekane, kausheni, parueni kwa msasa, pakeni gundi nyembamba na mngoje dakika tano mpaka ipoteze mng'aro. Kiraka kinachobandikwa gundi ikiwa mbichi huachia kabla hamjafika Pingwe. Na kabla ya kurudisha tyubu, pitisheni vidole polepole ndani ya tairi lote. Mwiba uliotoboa mara ya kwanza mara nyingi bado umo, na utatoboa tena hatua mia mbele.

Barabarani, mtu mzima mmoja mbele, mmoja nyuma, watoto katikati kwa mstari mmoja, umbali wa baskeli mbili kati yao. Gari za watalii hukimbia njia hiyo, na pembeni ya lami huwa na mchanga unaotelezesha gurudumu la mbele mtu akikata ghafla. Mtoto wa Maskati ana hatari yake peke yake: kwao gari hupita kulia, naye kabla ya kuvuka hutazama kushoto kwanza, wakati gari letu linamjia kutoka kulia. Asikabidhiwe baskeli kabla hajavushwa barabara kwa miguu mara tatu nne akitamka kwa sauti "kulia, kushoto, kulia".

Ndani ya Mapopwe mashine izimwe na nahodha ashike pondo. Hapa ndipo watoto hunyamaza wenyewe. Mikoko ya Ghuba ya Chwaka ndiyo mingi kuliko yote Unguja, na ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004, kwa hiyo ulizeni mapema taratibu za kuingia na mchukue mwenyeji anayejua miti. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, na mbegu yake huota ikiwa bado mtini, kijiti kirefu cha kijani kinachoanguka na kujichoma topeni. Mchu hutoa mizizi ya kupumulia inayochomoza juu kama penseli. Mkandaa una gome la kutia rangi. Mwonesheni mtoto boriti moja iliyonyooka, kisha akirudi Mji Mkongwe atazame dari: vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Mti asivunje, na kijiti kilichochomeka asikichomoe.

Chakula kiwe kikavu. Vya nazi huchacha haraka katika joto la chomboni, kwa hiyo wali wa nazi na mihogo ya nazi vibaki nyumbani vikingoje jioni. Chukueni mikate, mayai ya kuchemsha, ndizi, machungwa, na maji lita moja na nusu kwa kila mtoto kwa safari ya nusu siku. Madafu ya Michamvi yawe nyongeza, yasiwe tegemeo. Kofia ya ukindu yenye kamba ya kidevuni ni bora kuliko ile ya kitambaa itakayochukuliwa na upepo dakika ya tano. Miguuni viatu vya kufungika. Kandambili hubaki topeni, na mawe ya pwani yanakata.

Mtoto akitembea kwenye maji ya magoti, aburute nyayo badala ya kuzinyanyua, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyelala mchangani ashtuke na kukimbia. Akichomwa na taa, mguu uingizwe kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, mtu mzima ayapime kwanza kwa mkono wake, na ukae humo mpaka maumivu yapungue, nusu saa au zaidi. Kisha hospitali, kwa kuwa kipande cha mwiba huweza kubaki ndani. Chupa moja ya chai ya moto isiyotiwa sukari haikosi kazi mbili.

Familia ambazo likizo yao imeangukia siku za bamvua zisilazimishe kuvuka. Siku hizo maji hupwa asubuhi, na pwani ya Bwejuu mpaka Paje hubaki mchanga mpana, mgumu na wa majimaji, ambao watoto huendesha baskeli bila gari hata moja. Waende kwa barabara, waendeshe kuanzia saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, wawe mbali na mashamba ya mwani, na watoke mchangani saa moja na nusu baada ya kupwa. Jioni hiyo hiyo baskeli zimwagiwe maji ya bomba au ya kisima, bila kupigwa kwa nguvu kwenye gololi, zifutwe, na cheni ipakwe mafuta ikiwa kavu. Kesho ni kuchelewa, chumvi haingoji usiku.

Bei mkubaliane kabla, ya kwenda, ya kungoja na ya kurudi, na mseme wazi nani atalipia kungoja kama abiria ndio waliofanya chombo kichelewe maji. Ugomvi mwingi wa dikoni hutoka hapo.

Tunarudi kwenye ombi letu. Jedwali tunalolitaka halizidi upana wa tangazo dogo: siku, tarehe ya mwezi mwandamo, saa ya kujaa na kimo chake kwa mita, saa ya kupwa na kimo chake, kwa siku saba, saa zikiwa za Kiswahili. Na likichapishwa Ijumaa, linamkuta baba aliyeahidi watoto safari ya Jumapili akiwa bado ana siku moja ya kubadilisha ahadi yake.

Nahodha na fundi baskeli,
Chwaka, Unguja.